Mhariri na Kweli Isiyo Yake

Katika maadili ya Kikristo na ya Kiislamu kuna dhambi ya ulimi isiyohitaji uongo hata kidogo. Kanisa Katoliki, likifafanua amri ya nane, hutenganisha kumzulia mtu jambo asilolifanya na kufichua kosa lake la kweli kwa watu wasio na sababu ya kulijua, na yote mawili huyahesabu kuwa dhambi. Mafundisho ya Mtume Muhammad kuhusu kusengenya yanafika hapohapo: kumtaja mwenzako kwa jambo analochukia kutajwa nalo ni kumsengenya hata kama analo, na kama hanalo, umemzulia. Naamini tofauti hii ya kale ndiyo msingi wa kazi ya mhariri wa gazeti la wanafunzi katika zama hizi za picha, sauti na video. Kuuliza kama jambo ni kweli ni mwanzo tu wa kazi yake. Lililo zito zaidi ni kujua nani ana haki ya kuijua kweli hiyo, na nani ataumia ikitangazwa.

Ufipa, mkoani Rukwa, ni mahali pa kulipima swali hili kwa uzito wake. Sumbawanga, mji wa Ufipa kwenye uwanda wa juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, umebebeshwa kwa miaka mingi sifa ya uchawi, mara nyingi na watu ambao hawajawahi kufika huko. Tuseme katika shule moja ya bweni wasichana kadhaa wameanguka huku wakipiga mayowe, jambo ambalo limewahi kutokea katika shule nyingi nchini. Mtu anatoa simu na kurekodi. Video ya nusu dakika inamwonyesha msichana amelala kwenye nyasi nje ya bweni, sketi ya sare imepanda, mwenzake anahangaika kumfunika kwa khanga. Nyuma ya kamera sauti inasema amerogwa, na inamtaja bibi mmoja wa jirani. Jioni hiyohiyo video inamfikia mhariri wa gazeti la wanafunzi chuoni mjini. Msichana ameanguka kweli, na sauti imesema kweli ilichosema. Hata hivyo, atakayeitazama atapata uso wa mgonjwa na jina la mshukiwa, bila kupata maelezo yoyote ya kilichotokea.

Maelezo yapo, ila hayaonekani kwenye kamera. Mwaka 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko na kilio visivyozuilika viliwashika wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Madaktari waliochunguza hawakupata sumu wala ugonjwa wa kuambukiza. Walieleza tukio hilo kama mshtuko wa pamoja. Mshtuko wa namna hiyo hupita kwa macho na masikio, kwa kumwona na kumsikia aliyepatwa, kwa hiyo video inayosambazwa shule hadi shule inaweza kuubeba. Na jina la yule bibi nalo lina hatari yake, kwa kuwa nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na Februari 2013 mkoani Rukwa watu wenye ualbino walikatwa viungo kwa imani za kishirikina. Hapa uvumi una mapanga nyuma yake.

Magazeti ya wanafunzi hayakuanza jana. Msimulizi, lililotoka chuo cha Kiungani, Zanzibar, kuanzia 1888, ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji wakiwa wahariri, walianzisha jarida la Cheche. Kila ukurasa ulipigwa taipu kwenye stensili, ukadurufiwa, kisha karatasi zikapangwa na kubanwa pamoja. Kati ya kuandika na kusomwa palikuwa na siku, na ndani ya siku hizo mtu aliweza kusoma tena, kushauriwa, hata kughairi. Zamani subira ilikuwa ndani ya mashine. Leo isipokuwa ndani ya mhariri, haipo popote.

Wapo watakaosema subira hiyo haina faida, kwa sababu video imeshaingia kwenye makundi ya WhatsApp na gazeti likinyamaza litaachwa nyuma. Lakini kosa la wengi haliwi ruhusa kwangu. Zaidi ya hapo, watu waliokwisha kuiona video hawalijii gazeti ili waione tena. Wanataka kujua waamini nini, na gazeti likiirusha bila kazi yoyote juu yake, limeupa uvumi muhuri wa chuo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na lina historia. Neno "madhara" limetumiwa sana na wenye mamlaka kufunga midomo. Mwaka 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu tabaka lililokuwa likijijenga ndani ya dola, na Novemba mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Je, mhariri anayejizuia leo hamsaidii mkubwa wa kesho kuficha maovu? Angemsaidia kama kipimo kingekuwa hofu. Lakini kipimo tulichoanza nacho kinauliza nani ana haki ya kujua, na haki hiyo hukua kadiri mtu anavyoshika madaraka juu ya wengine. Msichana aliyeanguka hashiki cheo chochote. Uso wake ni wake. Hesabu za chakula cha shule na ada za wazazi ni za umma, na anayezisimamia hawezi kujificha nyuma ya heshima yake. Kipimo kilekile kinachomfunika msichana kinamfunua mhasibu.

Kwa hiyo kwenye video ile mhariri ana kazi kubwa kuliko kufuta. Aende kwa matroni, muuguzi na mkuu wa shule. Aandike wangapi wamepatwa, daktari amesema nini, mzazi afanye nini. Sauti ya muuguzi irekodiwe na kurushwa, kwa kuwa inatuliza. Uso wa msichana na jina la bibi visitoke kabisa. Chini ya habari aweke jina lake mwenyewe, na akikosea, asahihishe palepale alipokosea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imekuja kulinda faragha, lakini sheria humfikia mtu baada ya madhara. Chuo kinachomfundisha mwanafunzi kuhariri video bila kumfundisha kupima haki ya anayeonekana ndani yake kimempa nguvu ya kuumiza na kumnyima sababu ya kujizuia. Kipimo hicho kifundishwe kabla hajakabidhiwa kamera.