Nambari Katika Chuma, Dhima Mkononi

Alama anazozitia mwanaadamu katika vitu vyake ni za namna mbili. Iko alama inayomtukuza mwenye kitu, na iko alama inayomuuliza. Nakshi za milango ya Mji Mkongwe ni za namna ya kwanza. Mawaridi, minyororo na maandishi yaliyochongwa juu ya kizingiti humwambia mpita njia kuwa hapa pana watu na heshima yao. Nambari iliyochongwa ubavuni mwa bunduki ni ya namna ya pili. Haina uzuri wala haimsalimu mtu. Imewekwa pale kungojea siku ya kuulizwa.

Suala ninalotaka tulitafakari, msomaji mpendwa, ni hili: je, dhima ya mtu juu ya kitu hukoma pale kitu kinapotoka mkononi mwake? Biashara hujibu kuwa hukoma. Nimeuza, nimelipwa, tumeachana. Lakini nambari ile katika chuma hujibu vyengine, na inafaa tuisikilize.

Njia zinazojulikana zaidi za kuandika juu ya chuma cha silaha ni tatu. Ya kale ni kupiga chapa: mhuri wa chuma kigumu hukandamizwa kwa nguvu hata tarakimu zikazama. Ya pili ni sindano ngumu inayodonoa nukta baada ya nukta mpaka nukta zikawa tarakimu. Ya tatu, ambayo viwanda vingi vimeichukua katika miongo ya karibuni, ni mwale wa leza, yaani mwanga uliokusanywa mahali padogo mno hata ukayeyusha chuma na kukigeuza mvuke. Leza haikigusi chuma wala haichakai kama mhuri, na huandika kwa wepesi herufi ndogo zilizo safi.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Mhuri haukiondoi chuma bali hukiponda, na athari ya kupondwa huko hushuka chini kuliko jicho linapofika. Mhalifu akichukua tupa akaisawazisha nambari hata isionekane, mtaalamu wa maabara atapapaka mahali hapo tindikali. Chuma kilichopondwa kitalika tofauti na kilichosalimika, na nambari itarudi, hafifu lakini yenye kusomeka. Mwenye kovu, walisema wahenga, usidhani kapoa. Mwale wa leza, kwa upande wake, hukiondoa chuma zaidi kuliko kukijeruhi, na tabaka linaloathirika chini yake ni jembamba. Mwandiko wake ni mzuri zaidi, lakini tupa ikishapita juu yake, kazi ya kuurejesha huwa ngumu zaidi.

Ndiyo maana watunga sheria hawakuridhika na kusema tu kwamba silaha iandikwe. Nchini Marekani, kanuni zilizoanza kutumika Januari 2002 ziliwataka watengenezaji na waagizaji wachonge nambari kwa kina kisichopungua sehemu 3 katika 1,000 za inchi, na kwa tarakimu zisizopungua sehemu 1 katika 16 ya inchi. Kina hicho ni pungufu kidogo ya unene wa karatasi ya kawaida ya kuandikia. Hati ya kimataifa ya kufuatilia silaha ndogo, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 8 Disemba 2005, haikuchagua njia. Iliiachia kila nchi ichague yake. Ilichotaka ni kuwa alama iwekwe mahali pa wazi, isomeke bila ya msaada wa chombo, idumu, na kwa kadiri ufundi unavyoruhusu, iweze kurejeshwa. Kwa mtu aliyezoea kuyapima maneno kwa ajili ya tafsiri, sifa hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Sheria inakiri mapema kwamba atakuja mtu atakayetaka kufuta, na kwa kufuta huko anathibitisha kuwa alijua ataulizwa.

Mambo haya si mageni katika pwani yetu. Tarehe 2 Julai 1890, Zanzibar ilitajwa miongoni mwa dola 17 za Mkataba wa Brussels, uliokusudia kukomesha biashara ya watumwa na, pamoja nayo, kuzuia bunduki zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini yake. Bunduki zilizoagizwa zilitakiwa ziwekwe katika ghala chini ya macho ya serikali. Mtu binafsi aliyeruhusiwa kuchukua bunduki ya kisasa ilimbidi aisajili, itiwe alama, naye apewe kibali chenye jina lake na chapa ya silaha yake, kibali cha miaka 5 tu ambacho kiliweza kufanywa upya. Kwa hivyo fikra ya kuliandika jina la mtu na alama ya chuma katika karatasi moja imetimiza zaidi ya karne moja katika bahari hii.

Lakini tuutazame mkataba ule kwa jicho la haki. Serikali zilizouandika zilijiachia mlango wao wenyewe wa kuyapa silaha majeshi yao. Aliyetakiwa kuonesha kibali ni mtu binafsi; mwenye dola hakuwa na wa kumuonesha chake. Miaka iliyofuata ilikuwa ndiyo miaka ya kuigawa na kuitiisha Afrika, na bunduki zilizofanya kazi hiyo hazikupitia mlango wa vibali. Alama inayomuuliza mmoja na kumnyamazia mwengine hugeuka kuwa chombo cha utawala, hata ikiwa imechongwa kwa kina gani.

Kwa sababu hiyo naona Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, ilipiga hatua ya kimaadili na si ya kiufundi tu. Inazitaka nchi zitie alama silaha wakati wa kutengenezwa na wakati wa kuingizwa nchini, na inazitaka pia zitie alama silaha zilizomo mikononi mwa dola yenyewe. Taasisi inayosimamia itifaki hiyo, RECSA, yenye makao yake Nairobi, imezigawia nchi wanachama mashine za kufanyia kazi hiyo. Bunduki ya askari nayo ikatakiwa iwe na jina. Aliyeshika mhuri akakubali naye kupigwa mhuri. Pasipo sharti hilo, mwananchi angekuwa na haki ya kuuliza: mnanihesabu mimi, nyinyi nani anakuhesabuni?

Wapo watakaosema kuwa nambari haizuii risasi. Ni kweli. Aliyekusudia kuua hasomi kilichoandikwa ubavuni mwa bastola, na wala marehemu hafufuki kwa kujulikana kiwanda. Lakini kila mauaji ya bunduki huacha masuala mawili. La kwanza ni nani aliyefyatua. La pili ni bunduki ile ilifikaje pale. La kwanza lina jibu la mtu mmoja au wachache, na jamii hupenda kuishia hapo, kwa sababu wengine wote hubaki safi. La pili huwakusanya wengi. Mtengenezaji husema, mimi nilitengeneza tu. Msafirishaji husema, mimi nilipakia tu. Dalali naye ameunganisha tu, na mlinzi wa ghala alisinzia tu. Nambari huzikusanya hizo «tu» zote zikawa sentensi moja, na ndani ya sentensi hiyo yumo maiti.

Katika maadili yetu jambo hili lina jina, nalo ni amana. Mwenye kuwekeshwa kitu hasemi kimepotea akaondoka. Huulizwa alikiweka wapi, alimpa nani, na kwa nini alimwamini. Silaha, kuliko kitu chochote, haiuzwi ikaisha. Hupokezanwa, na kila anayeipokea hupokea pamoja nayo sehemu ya dhima ya waliomtangulia.

Hata hivyo, chuma hakisemi peke yake. Mali bila ya daftari huisha bila ya habari. Nambari iliyochongwa vizuri, ikakosa ukurasa wa kuirejea, haina tofauti na mikwaruzo. Hati ile ya 2005 inataka kumbukumbu za utengenezaji zihifadhiwe kwa angalau miaka 30, na nyenginezo, kama za kuingiza na kutoa silaha nchini, kwa angalau miaka 20. Bunduki iliyotunzwa huishi zaidi ya hapo. Kwa hivyo karani anayeandika kwa uaminifu katika ofisi yenye joto, asiyekubali bahasha ili aruke mstari mmoja, anafanya kazi kubwa kuliko ya mashine. Mashine huandika yale inayoamrishwa, na karani ndiye anayeamua kama yale yaliyoandikwa ni kweli.

Tusidanganyike, basi, na ukali wa mwale wa leza tukadhani kuwa uadilifu sasa umepatikana kwa ufundi. Kina cha alama hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, lakini kina cha dhima hupimwa kwa utayari wa mtu kujibu pale jina lake linapotajwa. Nchi iliyotia alama bunduki zake zote, kisha ikakataa kufungua daftari siku raia wake wanapouawa, imekichonga chuma bure.