Mali ya Mtu wa Mbali

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kompyuta katika kata ya Matongo, wilayani Tarime, alitupa maneno ambayo hatukuyajibu siku ile, na yametukalia moyoni tangu hapo. Tulikuwa tumefika huko kwa kazi ya gazeti, na kompyuta tuliyoichukua ikagoma kuwaka. Kijana aliitazama, akaifuta yote, akapachika upya Windows pamoja na programu ya kuchapia, akadai ujira wake. Tulipomwuliza kama programu zile zimelipiwa kwa wenyewe, alicheka. "Baba Padre," akasema, "hata hizo nilizozikuta humu hazikuwa zimelipiwa. Mmeandikia gazeti miaka mingapi? Mambo haya kila mtu na dhamiri yake."

Wapenzi wasomaji, sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli, nasi twaiungama. Hatukuwa tumeuliza, kwa kuwa hatukutaka kujua. Bali ile sehemu ya pili, kwamba kila mtu ana dhamiri yake na hakuna wa kumhukumu mwenzake, ndiyo tutakayo kuipima leo, maana twaisikia sokoni, darasani, na hata nje ya kanisa baada ya Misa.

Kibandani mle palikuwa na ubao wa bei: filamu kadhaa kwa kiasi hiki, nyimbo za kujaza flashi kwa kiasi kile. Nyimbo za Kongo zilikuwapo, za Nijeria na za Marekani pia. Tukauliza habari za mpigaji mmoja wa iritungu, lile zeze la Wakurya, anayekaa jirani. Kijana akatikisa kichwa. Nyimbo za huyo hanakili mpaka mwenyewe azilete na kupewa fungu lake. "Huyo ni wa kwetu. Alikopa fedha ili arekodi."

Basi kumbe kijana yule anaijua haki vizuri sana! Anajua ya kuwa wimbo ni kazi ya mtu, na ya kuwa aliyetoka jasho astahili kula. Hakuna haja ya kumfundisha. Ila haki yake yafika mpakani mwa kijiji, hapo yasimama.

Jambo hili si geni kwa watu wa Mara. Zamani za wazee, katika koo za Wakurya, upande huu wa mpaka na upande wa Kenya, aliyeiba ng'ombe wa ukoo wake alikuwa mwizi naye aliadhibiwa. Lakini aliyeswaga ng'ombe wa ukoo mwingine aliweza kuhesabiwa kuwa shujaa, na ng'ombe wale wakamsaidia kutoa mahari. Hatusemi hivi kwa kuwadharau wazee wale. Mataifa ya Ulaya yaliyogawana nchi zetu yalikuwa na mizani ileile, tena kubwa zaidi. Twasema tu kwamba dhamiri ya yule shujaa haikumsuta, akalala usingizi mwema. Na upande wa pili wa mto, mwenye zizi tupu alilia.

Kama haki ingekuwa ni desturi ya kila ukoo, au ya kila mtu, kilio kile kisingekuwa na maana yoyote. Aliyeibiwa angepaswa kusema: "Sawa, hayo ndiyo maadili yao." Hakuna aliyesema hivyo. Alisema ameonewa, naye alitumaini kwamba hata aliyemwonea angelielewa neno hilo. Ndiyo maana Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulifundisha ya kuwa ndani ya dhamiri mtu hukuta sheria ambayo hakujiwekea mwenyewe. Dhamiri ni kama sikio: laweza kuzibwa, laweza kuzoea kelele, lakini halitungi sauti linayoisikia.

Huenda msomaji wa Nyamongo akatuuliza juu ya mgodi. Mgodi wa North Mara ulianza kutoa dhahabu mwaka 2002, na vijana wameingia humo mara nyingi kuokota mawe, wakisema ardhi ni ya babu zao. Tarehe 16 Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi za polisi. Shauri hilo ni zito, nalo halifanani na hili letu. Huko watu wabishania nani mwenye mali. Lakini hakuna mtu wa Matongo adaiye kwamba Windows ilichimbwa katika shamba la babu yake.

Kuna hoja moja iliyo na nguvu, wala si haki kuipita. Nikichukua ng'ombe wako, huna tena ng'ombe. Nikinakili programu yako, bado unayo. Je, huo ni wizi? Kwa maana kamili ya neno, twakiri kwamba si sawa na wizi wa ng'ombe. Mwaka 1976 Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwaita wezi, kwa kuwa wengi wao walitumia programu yake bila kuinunua. Mwaka 1983 Mmarekani mwenzake, Richard Stallman, alitangaza mpango wa kutengeneza programu ambazo kila mtu aruhusiwe kuzinakili na kuwapa jirani zake, akiamini kuwa kushirikiana ni jambo jema. Tazameni tofauti: Stallman hakuvunja kufuli la mwingine, alifanya kazi yake mwenyewe, akaitoa. Ubaya wa kunakili programu isiyotolewa hauko katika kumwacha mwenyewe mikono mitupu, bali katika kula kazi ya mtu na kumnyima ujira aliouweka kuwa sharti. Na maandiko ya kale yanalo neno kali kwa anayezuia ujira wa kibarua.

Mengine hapa ni ya wanadamu, yaweza kubadilika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yalinda kazi, programu za kompyuta zikiwamo, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Uingereza ni miaka 70. Nchi zilizo maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, zimeachiwa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya mapatano ya biashara ya dunia juu ya mali za akili. Hesabu ya miaka haikushuka toka mbinguni. Lililo imara ni lile ambalo kijana wetu alilijua kwa mpiga iritungu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba mwenye dhiki ya kufa, akitwaa cha kumwokoa, hatendi wizi. Mafundisho haya tunayashika. Lakini ni nani aliyekufa kwa kukosa Windows, ilhali programu za halali zisizo na bei zipo? Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili safi. Mtakatifu huyohuyo alimlaumu pia muuzaji azidishaye bei kupita thamani ya kitu, na kampuni zinazotoza Tarime kwa kipimo cha mishahara ya Ulaya zingefaa kuyasoma maneno yake. Kosa la muuzaji, hata hivyo, ni sababu ya kutonunua.

Tulimrudia kijana, tukamwomba afute alichokipachika. Sasa tunachapa kwa LibreOffice na kupanga kurasa kwa Scribus. Herufi za kichwa chetu zilipotea, toleo moja likachelewa siku mbili, na waliolalamika walikuwa na haki. Yeye huwapa wateja nafasi ya kuchagua. Wengi, asema, hukataa.

Likabaki suala la malipizi, maana kuacha kutumia si kulipa. Tukanunua leseni ya programu ile ya zamani, ingawa hatutaitumia. Mhasibu akauliza aiandike katika fungu gani la matumizi. Tukamwambia aandike: deni.