Jasho la Mfungwa ni la Nani?

Asubuhi na mapema, katika miji mingi ya dunia, kundi la watu hutoka langoni mwa gereza wakichukua majembe na mapanga. Askari mmoja hutangulia, mwingine hufuata nyuma. Watu hao hufyeka majani kandokando ya barabara, huzibua mifereji, hubeba mawe. Na jioni hurudi ndani. Watoto wa shule wawaonapo husimama na kuuliza: "Je, watu hawa hulipwa?" Wakubwa hujibu upesi: "Wezi hawalipwi." Kisha kila mmoja hushika njia yake.

Jibu hilo laonekana kuwa wazi. Lakini mwenye kufundisha dini hawezi kuliacha lipite hivi hivi. Mafundisho ya Kanisa yahesabu dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanya kazi ujira wake. Mafundisho hayo hayabagui kati ya mfanya kazi mwenye sifa njema na mwenye sifa mbaya. Basi yafaa kulipima neno hili polepole: mtu akiisha kuhukumiwa kwa haki, jasho lake huwa mali ya nani?

Adhabu iliyogeuka utumwa

Hapo kale gereza lenyewe halikuwa adhabu. Kwa Warumi mtu alifungwa hasa akingoja hukumu, au akingoja kuuawa. Adhabu zilikuwa nyingine: kifo, kufukuzwa katika nchi, kunyang'anywa mali, au kupelekwa migodini. Aliyehukumiwa kwenda migodini alipoteza uhuru wake wote, hata sheria ikamwita mtumwa wa adhabu. Hakuwa na bwana kama watumwa wengine. Adhabu yenyewe ndiyo iliyokuwa bwana wake.

Wakristo wa kwanza waliujua utumwa huo. Mtakatifu Kalisto alipelekwa migodini katika kisiwa cha Sardinia mwishoni mwa karne ya 2; akafunguliwa pamoja na Wakristo wengine, na mnamo mwaka wa 217 akawa Papa. Mtakatifu Pontiano, Papa naye, alipelekwa katika kisiwa hicho hicho mwaka wa 235. Kanisa, basi, limekuwa na wachungaji waliotoka katika minyororo. Na katika karne ya 6 Kaisari Yustiniano aliagiza kwamba mzaliwa huru asifanywe tena mtumwa kwa sababu ya adhabu.

Hata hivyo jambo lililokatazwa na sheria laweza kurudi kwa mlango mwingine. Wafalme wa Ulaya walipohitaji wapiga makasia wa merikebu zao za vita, wahalifu walifungwa kwa mnyororo penye viti vya makasia. Mwaka wa 1619 mfalme Louis XIII wa Ufaransa alimweka Mtakatifu Vinsenti wa Paulo awe padri mkuu wa merikebu hizo. Mtakatifu huyo hakuanza kwa kuwahubiria wafungwa habari za dhambi zao. Aliwatafutia kwanza chakula, dawa na mahali pasipo uchafu, kwa kuwa alijua ya kwamba mtu atendewaye kama mnyama hasikii upesi neno la Mungu.

Kazi iliyodhaniwa kuwa dawa

Baadaye wenye hekima walianza kusema kwamba mfungwa asiteswe tu, bali arudishwe katika njia njema, na kwamba kazi ndiyo dawa yake. Mwaka wa 1596 mji wa Amsterdam ulifungua nyumba ambamo wafungwa walikereza miti migumu iliyotoka Brazil, wapate unga wa kutilia nguo rangi. Huko Roma, Papa Klementi XI aliamuru mwaka wa 1703 kujengwa kwa nyumba ya Mtakatifu Mikaeli kwa ajili ya vijana waliopotoka. Usiku kila mmoja alilala katika chumba chake. Mchana walifanya kazi pamoja katika ukumbi mmoja. Nia ya Papa ilikuwa hii: haitoshi kumzuia mbaya kwa adhabu, ikiwa hakuna malezi ya kumfanya awe mwema.

Nia hiyo ilikuwa njema, lakini dawa ikitolewa vibaya hugeuka sumu. Katika magereza ya Uingereza lilitengenezwa, mnamo mwaka wa 1818, gurudumu kubwa lenye ngazi. Wafungwa walilikanyaga saa nyingi kila siku, wakipanda pasipo kufika popote. Mahali pengine gurudumu lilisaga nafaka au lilivuta maji. Mahali pengine halikufanya lolote ila kuzunguka. Desturi hiyo ilidumu mpaka mwisho wa karne ya 19. Hapo kazi ilinyang'anywa maana yake. Mungu alimpa Adamu bustani ailime na kuitunza kabla ya dhambi. Kwa hiyo kazi si laana. Lakini kazi isiyozaa kitu, iliyobuniwa ili kumchosha mtu tu, yamfundisha kuichukia kazi yenyewe.

Kosa la pili lilitokea Marekani. Mwaka wa 1865 sheria kuu ya nchi hiyo ilikomesha utumwa, ila iliacha nafasi moja: adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Kupitia mwanya huo majimbo ya kusini yaliwakodisha wafungwa, wengi wao watu weusi, kwa wenye mashamba, migodi na reli. Mwenye mtumwa alikuwa amemnunua kwa mali nyingi, akaogopa hasara akifa. Aliyemkodisha mfungwa hakuwa na hofu hata hiyo, kwa maana akifa mmoja ataletwa mwingine. Jimbo la Alabama halikuiacha biashara hiyo mpaka mwaka wa 1928. Tena gereza likianza kuleta faida, hakimu hujaribiwa kutafuta wakosaji.

Hapa Kongo

Makabila mengi ya Kongo hayakujua gereza zamani. Aliyeiba au kujeruhi alipelekwa mbele ya wazee. Alilipa mbuzi, kuku au shanga kwa yule aliyekosewa, na jamaa zake wakamsaidia kulipa. Desturi hizo hazikukosa ubaya, maana asiyeweza kulipa aliweza kutolewa rehani au kuuzwa. Lakini zilishika jambo moja la kweli: kosa lilihesabiwa kuwa deni kwa mtu aliyeumizwa, na deni sharti lilipwe.

Ukoloni ulileta gereza, ambalo watu wa Katanga hata leo huliita buloko. Katika miaka ya kwanza wafungwa walifanya kazi za serikali wakiwa wamefungwa mnyororo shingoni. Fimbo ya ngozi ya kiboko haikuondolewa kabisa mpaka ulipokaribia uhuru wa mwaka wa 1960. Wazee waliisimulia, na katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi aliichora: wafungwa wenye nguo za milia, mmoja amelazwa chini akipigwa, na mkubwa wa kizungu akitazama.

Kanuni ya Adhabu iliyotolewa mwaka wa 1940 ilikiita kifungo kwa Kifaransa "servitude pénale", na jina hilo lilidumu baada ya uhuru. Maana yake kwa Kiswahili ni utumwa wa adhabu, yaani lile neno la Warumi. Neno laweza kubaki katika vitabu pasipo kumdhuru mtu. Lakini neno huzoeza akili, na akili iliyozoea huongoza mkono.

Sheria zenyewe, hata hivyo, zimeweka mipaka. Mapatano ya mwaka wa 1930 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ambayo Kongo iliyakubali mwezi wa Septemba 1960, yakataza kazi ya kushurutishwa. Yaruhusu kazi ya mfungwa kwa masharti: awe amehukumiwa na mahakama, asimamiwe na wenye mamlaka ya serikali, wala asikodishwe kwa mtu binafsi au kampuni. Nazo kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wafungwa, zilizotengenezwa upya mwaka wa 2015, zimepewa jina la Nelson Mandela, ambaye mwenyewe alivunja mawe na kuchimba chokaa alipokuwa mfungwa katika kisiwa cha Robben. Zasema kwamba mfungwa asifanyishwe kazi kwa faida ya mlinzi wake; kwamba alipwe kwa haki; na kwamba sehemu ya malipo aweze kuitumia, sehemu aipeleke kwa jamaa zake, na sehemu awekewe akiba mpaka siku ya kutoka.

Neno la Mtume

Watu wengine husoma kanuni hizo wakidhani ni huruma ya kupita kiasi. Lakini Mtume Paulo alitangulia kusema jambo hilo zamani, naye alijua gereza kutoka ndani. Akiwaandikia Waefeso amwagiza aliyekuwa mwizi asiibe tena, bali afanye kazi njema kwa mikono yake mwenyewe. Kwa sababu gani? Si ili ateseke, wala si ili serikali itajirike, bali apate kitu cha kumpa mhitaji.

Hapo ndipo jibu la swali lilipo. Mwizi ni mtu ambaye mkono wake umezoea kuchukua. Uponyaji wake ni kwamba mkono ule ule ujifunze kutoa. Zakayo alipoongoka hakusema tu kwamba anajuta. Aliahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Sasa mtu afanyaye kazi miaka mitano pasipo kupata hata senti atarudisha nini? Atamlipaje mjane ambaye alimwibia cherehani? Atawapelekea nini watoto wake, ambao hawakutenda kosa lolote nao wanalala njaa? Methali yasema: mkono mtupu haulambwi. Anayelichukua jasho lote la mfungwa amemnyang'anya fedha, na pamoja na fedha amemnyang'anya njia ya kutubu kwa matendo.

Kwa hiyo mahakama yaweza kumwondolea mtu uhuru wake kwa muda. Yaweza kumtaka afanye kazi, kwa kuwa hata walio huru hawali bure. Lakini hukumu haimgeuzi kuwa kitu, na matunda ya mikono yake hayawi mateka. Sehemu na ikatwe kwa chakula chake na kwa gharama za gereza; hiyo ni haki. Sehemu na iende kwa aliyekosewa. Hiyo ni haki zaidi. Sehemu na ibaki kwake na kwa jamaa zake. Na yule asiyehukumiwa bado, anayengoja tu kesi yake, asishurutishwe kazi kamwe, maana hakuna aliyethibitisha kosa lake.

Wasemayo wengine

Wako wasemao: vijana wengi wasio na kosa hawana kazi, itakuwaje mwizi apate ujira? Neno hilo lina uzito, wala haifai kulicheka. Lakini umaskini wa mwenye haki hauponywi kwa kumdhulumu mkosaji. Kinyume chake, wafungwa wakifanyishwa kazi bure, bei ya kazi hushuka, na kijana aliye huru ndiye atakayekosa mwajiri.

Wengine husema: magereza hayana hata chakula, ujira utatoka wapi? Ni kweli kwamba katika magereza mengi ya Kongo mfungwa huishi kwa chakula aletewacho na jamaa zake, na asiye na jamaa hudhoofika. Lakini kukaa bure hakujaleta nafuu. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500. Mwaka wa 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao bila hukumu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba mwaka huo wafungwa walijaribu kutoroka, na serikali ilitangaza vifo 129. Hapo utumwa wa kazi haukuwapo; palikuwa na msongamano, njaa na siku zisizo na kitu cha kufanya. Mashamba ya gereza, useremala, ushonaji na ufyatuaji wa matofali, vikisimamiwa kwa uaminifu na hesabu zikiandikwa wazi, vyaweza kulisha wafungwa na kuwapa ufundi. Kinachokosekana mara nyingi ni uaminifu kuliko ardhi.

Limpasalo Mkristo

Kuwatembelea wafungwa ni mojawapo ya matendo ya huruma, na Bwana wetu amesema atawahukumu watu kwa jambo hilo. Lakini mtu aweza kupeleka sabuni na unga gerezani siku ya Dominika, na siku ya Jumatatu akampa mlinzi fedha kidogo ili wafungwa wanne wamlimie shamba lake. Fedha hizo hukaa mfukoni mwa mlinzi. Wafungwa hurudi na njaa. Na Mkristo huyo hufurahi kwamba shamba limelimwa kwa bei nafuu. Mtu huyo asimcheke mwizi. Naye amekula jasho lisilo lake, na jasho hilo lamlilia Mungu.

Tena iko siku ya kufunguliwa. Mtu hurudi kijijini na nguo moja. Wenye duka humwangalia mikono. Wenye mashamba husema kazi imekwisha. Watoto humwita kwa jina la buloko. Adhabu aliyopewa na hakimu imekwisha, na nyingine, isiyoandikwa katika hukumu yoyote, imeanza. Katika siku hizo za kwanza ndipo mtu huamua kama mkono wake utatoa au utarudia kuchukua. Yeyote katika mtaa aliye na kazi ya siku moja, ya kuezeka paa au kuchimba kisima, na ampe mtu huyo kazi hiyo, na jioni amlipe malipo yale yale ambayo angemlipa mwingine, pasipo kupunguza.

Na mtoto atakapouliza tena barabarani kama watu wale hulipwa, asijibiwe upesi. Aambiwe kwamba yapasa walipwe, ili nao wapate kulipa.