Mturituri wa Uani

Kwa siku tatu niliwahi kuishi nikingoja mtoto wa watu aende haja kubwa. Msomaji asicheke, maana nami sikucheka. Mtoto huyo, binti wa miaka sita, mjukuu wa jirani yangu hapa Tukuyu, alikuwa amemeza mbegu moja ya mturituri, na mturituri huo niliupanda mimi kwa mkono wangu.

Nieleze kwanza ulivyofika. Huku Rungwe mvua ni nyingi na baridi yake huingia kifuani. Mwezi wa Juni na Julai ni nadra kukuta nyumba isiyo na mtu wa kukohoa. Katika ujana wangu nilikaa Pangani miaka kadhaa, na huko nilijifunza kutafuna majani ya mturituri. Ni majani madogo madogo, yamejipanga pande mbili za kikonyo kama unyoya wa ndege, na utamu wake huja polepole ukabaki kooni muda mrefu. Unafanana na utamu wa ule mzizi ambao Waarabu huuita sus, unaotiwa katika dawa za kikohozi na katika peremende nyeusi za Ulaya. Hata Waingereza huuita mturituri sus ya India. Sus yenyewe nilijaribu kuiotesha kwa mbegu nikashindwa. Inataka jua, udongo mwepesi wenye kina na kiangazi cha kweli, na hata ikikubali, mtu hungoja miaka mitatu au minne ndipo achimbe mzizi. Miche yangu ilioza kabla haijafika urefu wa kidole. Tukuyu si mahali pa mmea unaochukia maji.

Basi nikarudi kwa mturituri. Nao haupendi baridi, lakini ukipandwa chini ya ukuta wa jiko, mahali penye joto la moto na jua la asubuhi, huvumilia.

Wa pwani wanazijua mbegu zake: ndogo kuliko punje ya mahindi, nyekundu za kung'aa, zenye doa jeusi upande mmoja kama jicho. Wafua dhahabu wa India walizitumia kupimia dhahabu, maana uzito wa moja ni karibu sehemu ya nane ya gramu. Mwaka 1767 mtaalamu wa mimea wa Sweden, Linnaeus, aliupa mmea huu jina la Kilatini lenye maana ya sala, kwa kuwa watu walizitunga mbegu hizo kuwa rozari. Ni mbegu nzuri. Na ndani yake mna sumu iitwayo abrini, ndugu wa sumu iliyomo katika mbegu ya mnyonyo. Moja tu ikitafunwa vizuri inaweza kumuua mtu, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini haijapatikana mpaka leo. Mwaka 2011 bustani ya Eden Project huko Uingereza iliwaomba wateja warudishe vikuku vya mbegu hizi ilivyokuwa imewauzia. Kumbe hata wenye elimu ya mimea hupumbazwa na uzuri.

Turituri ina gamba gumu mno. Ukiifukia hivi hivi yaweza kukaa ardhini muda mrefu bila kuota. Nilizikwangua zangu juu ya jiwe mpaka weupe wa ndani ukaonekana kidogo, nikaziloweka usiku kucha, ndipo zikaota baada ya majuma mawili. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba nilifanya jambo la kijinga, maana unga ule wa jiwe ndio sumu yenyewe. Lakini kuna jambo lililonikaa moyoni zaidi: gamba linaloizuia mbegu isiote ndilo hilo hilo linalotukinga sisi.

Mmea ukapanda ukuta. Mwaka wa pili watu walianza kubisha hodi. "Babu, tunaomba majani, mtoto hajalala usiku." Nilichuma, nilielekeza, nilishukuriwa. Nami nilijua habari za mbegu. Wanawake wa Pangani walikuwa wameniambia wazi: jani tafuna, mbegu usiitie mdomoni. Nilijua, nikawaambia watu wazima waliokuja kuomba, nikadhani nimemaliza kazi.

Sikumaliza. Kaya zetu hazina uzio wa maana. Njia ya kwenda kisimani hupita kati ya migomba ya mtu na jiko lake. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa maneno yenye maana ya usuhuba mwema, na hakukosea: kwa Mnyakyusa kukaa pamoja na kula pamoja ni jambo kubwa, na mtoto hula njaa inapomkutia. Mtoto wa namna hiyo haji kuomba majani. Huja kucheza. Na ganda la mturituri likikauka hupasuka lenyewe, likazionyesha mbegu zake nyekundu hapo hapo juu ya ukuta, kama duka lililofunguliwa.

Siku hiyo alikutwa na saba mkononi. Ya nane alisema ameimeza. Tukamwuliza kama aliitafuna, akasema hapana, kisha akasema hajui. Nikaenda nao hospitali na kueleza kila kitu, huku ulimi ukiwa mzito. Tukaambiwa lililopo ni kumwangalia na kungoja. Siku ya tatu bibi yake aliiona, nyekundu kama ilivyoingia. Gamba lilishikilia.

Jirani yangu mmoja, mtu mwenye maneno, alikuja kunifariji. "Mto Kiwira umeua watu wangapi? Mbona hatuufukii?" Nilimjibu kwamba Kiwira tumeukuta, bali mturituri nimeuleta mimi. Akacheka. "Na chai si ililetwa? Na pikipiki?" Nilipokwenda kwake baadaye nikaona dawa yake ya kunyunyizia viazi imewekwa kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda. Sikumwambia neno siku ile, na hilo nalo ni kosa langu. Nilikwenda kumwambia juma lililofuata. Hata hivyo nadhani tofauti niliyomtajia ni ya kweli. Hatari tuliyoikuta, wote tumelelewa nayo. Mtoto wa Rungwe hufundishwa mto kabla hajajua kuhesabu. Hatari mpya haina mwalimu ila yule aliyeileta.

Mke wangu alisema neno moja: ng'oa. "Kikohozi kina tangawizi, kina ndimu, kina asali. Mtoto yule ana nini badala yake?" Sikuwa na jibu, wala sina mpaka leo. Niliposhika jembe ndipo nilipotambua kilichokuwa kikinizuia. Haikuwa huruma kwa wenye kukohoa. Nilikuwa napenda kubishiwa hodi. Mzee asiye na mali wala cheo alikuwa na kitu ambacho watu walikihitaji. Nilikuwa nimemweka mtoto wa mwenzangu karibu na sumu kwa ajili ya shukrani.

Nikaweka jembe chini nipumzike, na hapo akaja bibi wa yule mtoto. Alikuwa anakohoa. Akaomba majani.

Nikamwuliza, "Mama, bado unayataka?"

"Nimekuja kwa majani," akasema. "Jembe la nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza, kisha akasema: "Ng'oa ukitaka, mmea ni wako. Lakini usiseme umeung'oa kwa ajili ya mjukuu wangu. Utakuwa umeung'oa ili wewe upate usingizi."

Sikubaliani naye moja kwa moja. Usingizi wa mwenye kosa si kitu cha kudharauliwa, na mtoto aliye salama hajali babu kang'oa kwa nia gani. Lakini aliyekuwa na haki ya kudai mmea utoke ni yeye, naye hakudai. Tulikubaliana hivi: mturituri ubaki, usizae. Mbegu zilizosalia kwenye kopo nilizitupa motoni mbele yake. Tangu hapo kila Jumamosi nakata maua yote, yale ya rangi ya zambarau iliyopauka, kabla hayajawa maganda. Nimepita nyumba hadi nyumba nikiwaita watoto wenyewe, si wazazi tu. Mke wangu hajakubali. Huupita ukuta ule bila kuutazama.

Macho yangu sasa si mazuri, na mmea umefika kwenye bati. Mwezi Mei uliopita yule binti, ambaye sasa yuko darasa la tatu, alisimama uani akaita, "Babu, lile pale! Na lile!" Yalikuwa maganda matatu, mabichi bado, mahali ambapo mkono wangu haufiki. Nilileta ngazi. Yeye aliishika chini, nami nikapanda na kisu.