Uchafu Usiotia Aibu

Mgeni akirudi kwao kutoka Kigali husimulia usafi kwanza, mengine baadaye. Husimulia barabara zinazofagiwa alfajiri, abiria wa pikipiki wanaovaa kofia ngumu bila kubishana, na ukaguzi wa uwanja wa ndege wa Kanombe, ambako mfuko wa plastiki unaotolewa kwenye sanduku hauingii mjini. Halafu hufunga maelezo kwa kusema kwamba watu wa kule wana nidhamu. Nina shaka na maelezo hayo. Si uongo, lakini yanaeleza nusu ya jambo.

Kinachofanya kazi katika usafi huo, kwa maoni yangu, ni kuona haya. Sizungumzii aibu ya mtu aliyefumaniwa. Nazungumzia ile ya kila siku ya kujua kwamba jirani anaona. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, nchi nzima inaingia katika umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo Watanzania wa rika fulani wataikumbuka kwa jina la msaragambo. Sheria inamtaka kila mwenye afya wa kati ya miaka 18 na 65 ashiriki, na asiyeshiriki anaweza kutozwa faini isiyozidi faranga 5,000. Lakini wengi hawatolewi ndani na faranga. Wanatolewa na sauti ya majembe yanayokwangua mfereji mbele ya mlango wao, na mkutano wa umudugudu, yaani wa mtaa wao, unaofuata baada ya kazi, ambapo kila mtu anajua nani hakuonekana.

Wapo wanaodharau wema wa namna hii. Hoja yao ni kwamba anayeokota taka kwa kuogopa macho ya watu hana wema wowote, ana woga tu. Mimi niko upande wa Aristotle, aliyefundisha kwamba tabia huumbwa na mazoea: mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, hata kama siku za mwanzo alisukumwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, ikapanua katazo hilo mwaka 2019 kufikia plastiki nyingine za kutumia mara moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza amekua akibeba nyanya katika kikapu au mfuko wa karatasi, wala haoni kwamba anajinyima. Zanzibar ilikuwa imeanza mwaka 2006, Kenya ikafuata 2017, Tanzania Bara 2019. Yaliyoanza kwa amri yanaweza kuishia kuwa desturi, na desturi haihitaji askari.

Tatizo langu liko kwingine. Haya inategemea jicho. Plato alisimulia kisa cha Gyges, mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, ili aulize kama mtu angebaki mwema asipoonwa na yeyote. Katika mambo ya mazingira kisa hicho kimegeuka: sisi tunaonekana vizuri kabisa, ila uchafu ndio uliovaa pete.

Twende Biryogo, kule Nyarugenge, mtaa wa Waswahili wa Kigali tangu enzi za Wabelgiji. Njia zake kadhaa zimefungwa magari, lami ikapakwa rangi, na jioni meza hujaa watu wa chai ya maziwa na chapati. Huoni karatasi chini. Nyuma ya meza, mama wa chapati anapepea jiko la mkaa kwa kipande cha katoni, jicho moja amelifumba kwa moshi, huku mkono mwingine ukigeuza chapati bila kuitazama. Mkaa umetoka mashambani, kwa sehemu kubwa ni mikaratusi. Moshi unapanda, unakutana na ule wa majiko mengine ya mlimani na wa malori ya dizeli. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa mwaka wa chembe laini hewani usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Hewa ya Kigali inapita kiwango hicho mara kadhaa. Hakuna anayeona haya. Mama anafanya kazi halali, sisi tunakula, barabara imefagiwa.

Kuna pia kinyume chake, yaani kitu kilichotiwa aibu bila kosa. Kwa miaka mingi kinamasi kilihesabiwa kuwa uchafu: matope, mbu, mafunjo, harufu. Mahali pa namna hiyo huonekana hapana mwenyewe, ndiyo maana viwanda vya Gikondo viliwekwa bondeni na watu wasio na uwezo wakajenga pembeni mwa maji. Kumbe mafunjo ndiyo yanayopunguza kasi ya maji ya mvua, yanashika udongo unaoteremka kutoka vilimani na kuchuja kilichomo. Yale matope yalikuwa mfagiaji. Mji ulipotambua hilo ulianza kurudi nyuma: viwanda vikahamishiwa Masoro, na Nyandungu, hekta 121 za kinamasi zilizokuwa zimeharibiwa, pakarudishiwa uoto na kufunguliwa kama bustani mwaka 2022. Naipenda Nyandungu. Lakini sisahau kwamba tangu mwishoni mwa 2019 maelfu ya watu waliokuwa wakiishi katika mabonde walitakiwa kuhama, na kuhama kwa kiwanda na kuhama kwa mpangaji wa chumba kimoja ni mambo mawili. Kosa la jicho la zamani, lililoona kinamasi kuwa ni uwanja wa bure, lililipwa zaidi na waliokuwa na kidogo zaidi.

Na maji yenyewe hayaishii bondeni. Mfereji wa Mpazi unayapeleka Nyabugogo, Nyabugogo inamwaga Nyabarongo, ile nyekundu kwa udongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Victoria. Mvuvi wa Bukoba hahudhurii mkutano wa umudugudu wa Kimisagara. Hawezi kumtazama mtu yeyote kwa jicho baya, na mtu yeyote hawezi kumwonea haya. Mjukuu wake, ambaye hajazaliwa, yuko mbali zaidi.

Ndiyo maana naona ajabu kwamba jina la mji huu huu limepewa mkataba unaohusu uchafu usiofagilika. Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya kukesha wakijadiliana, wajumbe wa nchi karibu 200 walikubaliana Marekebisho ya Kigali, nyongeza ya Itifaki ya Montreal ya 1987. Walichokubaliana kupunguza ni hidrofluorokaboni, gesi za friji na viyoyozi. Gesi hizo zililetwa kwa nia njema, kuchukua nafasi ya zile zilizokuwa zikitoboa tabaka la ozoni; ozoni hazikuigusa, lakini baadhi yake hunasa joto mara maelfu zaidi kuliko hewa ya ukaa. Hazina rangi wala harufu. Fundi anayezifungulia zitoke ili atengeneze friji haachi hata alama sakafuni.

Mkataba huo haukumtegemea mtu aone haya. Ulitegemea daftari. Kila nchi inahesabu inachozalisha na inachotumia. Nchi tajiri zilianza kupunguza mwaka 2019; Rwanda na sehemu kubwa ya Afrika zilipewa hadi 2024 kusimamisha ongezeko; nchi za joto kali kama Oman, hadi 2028. Na upo mfuko wa pamoja, unaochangiwa na nchi tajiri, wa kuzisaidia nchi nyingine kubadili mitambo. Aliyechafua zaidi na mapema zaidi anatangulia na anachangia.

Jiko la Biryogo halina daftari la namna hiyo. Imezungumzwa sana habari ya kuuondoa mkaa Kigali, na gesi ya mitungi ipo madukani. Mtungi na jiko lake hulipwa kwa mkupuo mmoja. Mkaa hununuliwa kwa ndoo, kadiri ya chapati zilizouzwa jana. Atakayefaidi hewa safi ni mji mzima, pamoja na wale wa Nyarutarama, mtaa wa matajiri, wasiokula chapati za barabarani, na gharama yote ya kuhama kutoka mkaa kwenda gesi bado imewekwa mezani kwa mama huyo peke yake.