Juu ya Kuchagua Mahali pa Kupumzikia



Nchi ya Buha ni nchi ya kupendeza. Asafiriye kutoka Kasulu kwenda Kibondo huona vilima vyenye majani, mabonde yenye maji, na misitu ya miombo inayoteremka kuelekea mto Malagarasi. Si ajabu mtu wa mjini, aliyechoshwa na makelele, akitamani kupata mahali hapa, ajenge nyumba chache za wageni, watu waje wapumzike, wasikilize ndege na kumwomba Mungu. Shauri hili si baya. Mungu ndiye aliyeagiza pumziko. Wala hakumwagizia mwanadamu peke yake, bali na ng'ombe na ardhi pia. Lakini twauliza: mtu achagueje mahali hapo asimkosee jirani yake?

Wengi hujibu upesi: Atafute pori lisilo na mtu. Jibu hili halitoshi, maana katika Buha pori si lazima liwe nchi isiyo na wenyewe. Miaka ya 1930 watu wengi walihamishwa na serikali ya Waingereza, wakakusanywa pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Tena tangu mwaka 1972, katika Operesheni Kigoma, watu waliokaa mbalimbali vilimani waliwekwa katika vijiji vya ujamaa. Nyuma yao yalibaki mahame na makaburi ya wazee wao. Hata kambi ya Mtabila wilayani Kasulu, walipokaa maelfu ya wakimbizi wa Burundi, ilifungwa mwaka 2012. Majani humea upesi. Mgeni apitaye huona uzuri wa majani, asijue habari zilizo chini yake.

Tena, mahali pasipolimwa si kwamba hapana kazi. Katika mti huu mtu ametundika mzinga wake wa nyuki. Katika kichaka kile wanawake huokota kuni na uyoga. Njia nyembamba ishukayo bondeni ni njia ya watoto wachotao maji. Haya yote hayana ukuta wala hati, na kwa hiyo hupotea kwanza.

Twashukuru kwamba sheria ipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mkristo hana budi kuzitii. Lakini je, aliyepata muhuri amekwisha kutimiza haki? Mkutano waweza kuitishwa siku ya mnada, wajane wasifike. Wazee waweza kunyamaza kwa adabu tu, na kunyamaza kwao kukaandikwa kuwa ni kukubali.

Mkumbukeni Nabothi. Mfalme Ahabu hakuanza kwa unyang'anyi. Alianza kwa kutaka bustani karibu na nyumba yake, akaahidi shamba lililo bora zaidi, au fedha. Bei ilikuwa ya haki. Hata hivyo Nabothi alikataa, kwa kuwa urithi wa baba zake haukuwa bidhaa. Na Luther, akiieleza amri ya tisa katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aonya hasa juu ya mtu apataye urithi wa jirani kwa hila huku akionekana kuwa na haki. Neno hili lawahusu wenye karatasi kuliko wezi wa usiku.

Labda mtu atasema: Nyumba ya wageni italeta kazi kwa vijana, na msitu utaokoka na wachoma mkaa. Ni kweli, yawezekana. Lakini faida hiyo yampasa jirani kuipima mwenyewe. Si haki mgeni aipime kwa niaba yake, kisha amwite mjinga akikataa. Tena msitu uliookolewa kwa kumfungia nje mwenye mzinga umemwokoa nani?

Basi, atakaye kujenga na afanye hivi. Atembee na wazee, wakati wa kiangazi na wakati wa masika pia, aulize majina ya mahali na maana yake. Aache njia, chemchemi na makaburi kama yalivyo. Aandike mapatano kwa lugha wanayoisoma wenyeji. Na zaidi ya yote, awaache wao wachague kwanza, naye achukue kinachobaki.

Huyo atapata hasara? Ibrahimu alifanya vivyo hivyo. Alimwachia Lutu achague, na Lutu akainua macho, akajitwalia bonde lenye maji mengi, karibu na Sodoma. Ibrahimu akaenda Hebroni, akapiga hema yake penye mialoni ya Mamre. Hapo alimjengea Bwana madhabahu. Na hapo, chini ya mti, wakati wa hari ya mchana, aliwakaribisha wageni watatu, akawapa maji na chakula, wakapumzika. Aliyechagua wa mwisho ndiye aliyepata mahali pa kupumzishia wageni, na jirani yake hakunung'unika.