Siku Njema Isiwe Kosa

Mtu akikata rufaa ili atambuliwe kuwa ana ulemavu na apate msaada, kinachopimwa hasa ni nini: mwili wake au maisha yake? Swali hili ninalo tangu kambi yetu ipangwe kwa makundi, wengine wakapewa chakula, wengine wakaambiwa, "Nyinyi mnajiweza."

Raia wa Kenya wana Inua Jamii. Mwenye ulemavu mkali akisajiliwa anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Sisi wakimbizi hatumo humo. Pensheni yetu sisi ni lile kundi uliloandikwa. Ukitolewa, njia iliyobaki ni rufaa.

Kipimo kinachojulikana sana ni maswali sita yanayoitwa ya Washington Group: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia "sina shida" mpaka "siwezi kabisa." Ni maswali mazuri, hayamwiti mtu majina. Lakini yalitengenezwa kwa ajili ya sensa. Kuhesabu watu ni kazi moja, kuamua nani ale ni kazi nyingine.

Chukua kijana mmoja wa kikundi chetu. Ana kifafa. Anaona, anasikia, anatembea, na kwa kuongea ananishinda. Kwa maswali yote sita jibu lake ni "sina shida." Lakini kuna wiki anaanguka mara tatu, na kila akianguka analala mpaka kesho yake, kichwa kizito. Alijifunza kutengeneza simu, akapata cheti. Siku ya rufaa, karani akamuuliza: "Kama una cheti cha ufundi, ulemavu uko wapi?"

Jioni ile vijana waligawanyika. Wengine walisema angekificha, ati hapa ukitaka kusaidiwa lazima uonekane umekwisha. Mama yake alikataa: "Mwanangu hakusoma ili afiche."

Mimi niko upande wa mama, na si kwa sababu ya uongo tu. Kijana akificha cheti anajifunza kwamba kila anachokiweza ni adui yake. Leo anaficha karatasi, kesho anaacha kazi kabisa ili asionekane akifanya. Hapo msaada wenyewe unamwongezea ulemavu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Najua jibu la wafanyakazi wa mashirika, na si jibu la kupuuza. Chakula hakitoshi, kila jina linaloongezwa linapunguza sahani ya mwingine, na wanaodanganya wapo. Ni kweli. Basi rufaa iwe kali, lakini iulize swali linalofaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa mwaka 2006, unautazama ulemavu pale hali ya muda mrefu ya mwili au akili inapokutana na vizuizi. Sasa kizuizi hukioni mtu akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisini. Unakiona mteja anapochukua simu yake na kwenda kwa fundi mwingine, eti huyu ataanguka nayo. Unakiona wiki ambayo dawa imeisha.

Kwa hiyo mwenye kusikiliza rufaa aulize: kwa mwezi, siku ngapi zinapotea? Siku hizo nani anambeba? Akikosa msaada, ile kazi ndogo itaendelea au itakufa? Na anayesikiliza asiwe yule yule aliyekataa mara ya kwanza, maana mchezaji hapulizi filimbi ya mechi yake. Sababu ziandikwe, kwa lugha ambayo mtu anaisoma mwenyewe. Hata akikataliwa, ajue amekataliwa kwa lipi.

Haya hayaongezi hata gunia moja la unga. Ila yanazuia jambo moja: mtu kuadhibiwa kwa sababu alijaribu.

Kijana bado anangoja jibu. Cheti amekibandika ukutani, juu ya meza anayotengenezea simu siku anazoweza.